Bi Daktari na Salamu Zake

Kama hukuwahi kusalimiwa na Bi Daktari, basi wewe hujasalimiwa bado. Mimi nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta pale Kisauni, yeye na kliniki yake, mimi na cherehani zangu, na sikuona hata siku moja mtu akipita mlangoni pake akaambiwa "hujambo" moja akaachwa aende zake. Salamu yake ilianza na wewe, ikaingia nyumbani kwako, ikawapitia wazee na watoto, ikarudi kwenye magoti yako na usingizi wako. Ulipomaliza kuitikia ndipo ulipogundua kwamba umekwisha kupimwa.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, Bi Daktari."

"Marahaba. Waonaje hali? Usingizi waupata? Na tumbo lile, latulia? Choo chapita? Goti je, wasujudu nalo ama bado waswali kitini?"

Mgonjwa anaitikia, anacheka, anasema hili na lile, na muda wote huo Bi Daktari hajauachilia mkono aliopewa. Vidole vyake viko kwenye kifundo cha mkono, anasikiliza mapigo ya moyo. Hakupenda kumkalisha mtu kitini na kumhoji kama polisi wa kituo. Alisema mtu akihojiwa huogopa, na mwenye hofu husahau hata anapoumwa. Sisi tulimpenda kwa jambo hilo kuliko dawa zake. Nalisema mapema kwa sababu jambo hilohilo ndilo lililomletea balaa, na sitaki mtu asome nusu akadhani namsimanga.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitasema. Wako watu wa mjini wanaoyajua hayo kuliko mimi, na nikikosea jina la babu mmoja tu watanijia dukani kubishana. Mimi namjua alivyokuwa kazini: mwanamke mfupi, sauti kubwa, buibui juu ya koti jeupe akiwa barabarani, koti jeupe juu ya dera akiwa ndani. Makoti hayo nilimshonea mimi. Alitaka mifuko mirefu, nami nikadhani ni ya kuwekea vyombo vyake vya kazi, mpaka siku aliponiletea koti moja nilipunguze, nikaingiza mkono mfukoni nikatoka na kashata.

"Bi Daktari, hii nini?"

"Ya watoto wagonjwa hiyo. Nawapa wasilie."

"Mbona imetafunwa nusu?"

"Basi mtoto alishiba. Shona koti, Fundi."

Na huyu ndiye aliyewakataza sukari wazee wote wa Kisauni! Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, anajipima kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, halafu saa nne namsikia akitafuna. Nilimwambia siku moja kwamba nitamshtaki kwa wagonjwa wake. Akanijibu kwamba daktari amesomea ugonjwa, hakusomea subira.

Tulitaniana hivyo kila siku. Mimi ni mwanamke wa Kigiriama wa Kaloleni, kanisani kila Jumapili. Yeye ni mtu wa mji, swala tano. Alikuwa akisema Kiswahili changu kina mawe ndani, mtu akikila atavunja jino. Nami nikamwambia chake kina tui jingi mno, mtu hashibi. Lakini mamangu alipolazwa, ni Bi Daktari aliyekuwa akifunga kliniki adhuhuri na kwenda kumsomea zile karatasi za hospitali na kunieleza kila neno. Hakuwa ndugu yangu, na ndugu zangu wengine hawakufika.

Sasa leseni yake. Kliniki nyingi nimeingia, na leseni ya daktari huwa imetundikwa juu kabisa, karibu na dari, pamoja na saa iliyosimama. Bi Daktari aliitundika yake chini, mkabala na benchi la kungojea, macho ya mtu aliyekaa yaangukie papo hapo. Mgonjwa mgeni akiingia, baada ya zile salamu zake za kuzunguka dunia, alimwuliza, "Umesoma pale?"

"Nisome nini, Bi Daktari?"

"Jina langu na mwaka. Mwaka ukiwa umepita, ondoka hapa hata nikikubembeleza."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwake, leseni ilikuwa kama udhu: ukitenguka, huswali mpaka utawadhe tena, hata kama umeswali vizuri miaka yote. Ni yeye aliyenifunza kwamba daktari hufanya leseni upya kila mwaka, na haifanywi upya mpaka aonyeshe kwamba bado anahudhuria masomo. Kwamba kliniki nayo ina leseni yake mbali. Na kwamba lazima awe na bima ya siku atakapokosea. Nikashangaa. Nikamwuliza mbona anakata bima ya kosa ambalo hajalifanya.

"Sijalifanya ama sijalijua," alisema. "Daktari asiyetaka kuulizwa, naye asiulize watu."

Mwaka mmoja mtandao wa kufanyia leseni ulimsumbua, Januari ikaingia karatasi mpya haijatoka. Bi Daktari akafunga. Akaweka kiti nje ya mlango uliofungwa, akakaa hapo na buibui lake, akawaambia waliokuja waende hospitali ya serikali au kwa daktari mwengine. Watu walimjia juu. Mzee mmoja wa presha alimwambia kwamba mwezi jana alikuwa daktari, na elimu haiishi muda kama maziwa ya pakiti. Mimi pia nilimgombeza. Nilimwambia anajitia utakatifu huku watu wanateseka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi mwenyewe najijua. Wao hawanijui ila kwa ile karatasi. Nikiidharau mimi, kesho atakuja mwengine hana hata karatasi, na mtamkaribisha kwa mdomo huohuo."

Na huyo mwengine alikuwapo. Kule Utange palikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Daktari wa Sindano. Aliwahi kufagia wodi hospitalini, akaona yaliyomtosha, akafungua chumba. Kila ugonjwa aliudunga. Watu walimpenda sana, maana kwetu mtu akienda kutibiwa akarudi bila kudungwa huona ameibiwa. Bi Daktari alikuwa bahili wa sindano, na hilo lilimpotezea wagonjwa wengi. Basi akavaa buibui na nikabu, akaenda Utange, akapanga foleni kama mgonjwa. Zamu yake ilipofika akaomba kuona leseni. Yule bwana akamwonyesha kalenda ya kampuni ya dawa iliyokuwa na picha ya nyoka na fimbo.

Alimripoti siku ileile. Wakaguzi wakaja, chumba kikafungwa, bwana akawekwa ndani. Watu wa Utange wakasema ni wivu wa biashara, wakamtukana mpaka matusi yakafika kwetu. Lakini majuma yale yote bwana alipokuwa ndani, nilimwona Bi Daktari akitoka Ijumaa na kapu la mchele na mafuta. Nikamwuliza anampelekea nani. Akanijibu kwa hasira kwamba mke wa mtu hakudunga watu sindano, na niangalie kazi yangu. Ndivyo alivyokuwa. Sheria aliishika kwa mkono mmoja, kapu kwa mkono wa pili, na ukimwuliza vinapatanaje anakufukuza.

Jingine la kuchekesha, yeye mwenyewe aliogopa sindano. Wakati wa chanjo ya korona tulikwenda pamoja. Njia nzima alinieleza chanjo inavyofanya kazi mwilini, nikadhani natembea na redio. Tulipofika mbele ya nesi akanikamata mkono, akafumba macho, akaanza kusoma dua kwa sauti. Sindano ilipomgusa alipiga ukelele foleni nzima ikageuka. Nesi alicheka mpaka akaomba radhi.

Basi, nimezunguka vya kutosha. Sasa niseme la Bi Mahamri.

Bi Mahamri alikuwa mama wa makamo aliyeuza mbaazi na mahamri asubuhi mbele ya duka langu. Alikuwa na binti mmoja tu, msichana aliyesoma vizuri na kufanya kazi kwenye ofisi ya mizigo kule Changamwe. Asubuhi moja Bi Mahamri aliniambia ana kiungulia, na bega linamvuta, na amechoka kama aliyechota maji usiku kucha. Nikamwona anatoka jasho ilhali kulikuwa na upepo. Nikamshika mkono nikamwingiza kwa Bi Daktari, nikabaki naye ndani, maana sikutaka kumwacha.

Nilisikia kila neno. Bi Daktari alimpokea kwa furaha, wamejuana siku nyingi, mahamri yake ndiyo aliyofungulia kinywa kila asubuhi.

"Hujambo Bi Mahamri? Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo wote."

"Binti je?"

"Hajambo, yuwakusalimu."

"Usingizi waupata? Kifua nacho, salama?"

"Salama, alhamdulillahi. Ni kiungulia hiki tu, Bi Daktari, na bega lanivuta."

Bi Daktari akampima presha, akamwambia iko juu kidogo, apunguze mafuta ya mahamri yake mwenyewe, wakacheka wote wawili. Akampa dawa ya kiungulia na kumwambia arudi kesho. Bi Mahamri akatoka, akauza mbaazi zilizobaki, akaenda nyumbani. Baada ya magharibi alianguka. Walimkimbiza hospitali akiwa bado anapumua. Daktari wa zamu alimpima moyo kwa ile mashine, akamwuliza binti kwa nini hawakumleta mapema, maana mshipa wa moyo ulikuwa umeziba tangu asubuhi. Binti akasema mama ameonekana na daktari asubuhi. Walipokuwa bado wanasema, Bi Mahamri akafariki.

Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Kwetu pwani maiti haichelewi, wala maswali hayangoji. Mtu akifa, amefika siku yake, na anayeuliza sana huonekana anagombana na Mungu. Mimi Mkristo nimeishi humo, na hata sisi kwetu Kaloleni tuna yetu ya namna hiyo, kwa hiyo sisemi kwa kudharau.

Siku ya matanga nilikwenda na Bi Daktari. Chumba kilijaa wanawake, tumekaa mkekani. Baada ya dua, Bi Daktari akamgeukia binti na kusema kwa ile sauti yake kubwa, "Mimi ndimi niliyemwona mamako asubuhi. Kiungulia, bega, jasho, kwa mama wa umri wake, nilipaswa kufikiri moyo. Sikufikiri. Nilipaswa kumpeleka hospitali saa ileile."

Shangazi wa binti akamshika goti. "Nyamaza Bi Daktari, usikufuru. Ilikuwa siku yake."

"Siku ni ya Mola," alisema Bi Daktari. "Kosa ni langu."

Binti alimtazama. Tulipotoka nilimwuliza Bi Daktari kama amerukwa na akili.

Majuma machache baadaye binti alikuja kliniki. Nilikuwa mlangoni pangu nikipiga pasi, nikawasikia. Alisema hataki fidia wala hataki ugomvi. Anataka mahali patakapoandikwa na watu wanaojua kazi ile kwamba mamake hakufa kwa siku tu, alikufa pia kwa kutoangaliwa, ili daktari mwengine asikie. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wamemkataza. Bi Daktari akamweleza aende kwa baraza la madaktari, aseme nini, na aombe karatasi zipi hospitalini. Yeye mwenyewe alimwonyesha mlango wa kumshtaki. Sijaona jambo kama hilo tangu nizaliwe, na siku ile halikunifurahisha, lilinikasirisha. Niliona anatupa leseni yake, na pamoja nayo anatutupa sisi.

Kisauni ilipopata habari, ilimgeukia binti. Watu waliacha kumwamkia. Wanawake waliomlea walipishana naye kimya. Ikasemwa amekwenda kusoma ili aje kumfunga Bi Daktari aliyetibu nusu ya mtaa bure. Bi Daktari alipoyasikia, alitoka nje mchana kweupe, akasimama mbele ya duka langu palipojaa watu, akasema kwa nguvu, "Anayenipenda mimi, amwamkie yule msichana. Asiyeweza, asije kwangu kutibiwa." Wako waliomtii. Mimi nilimtii kwa shingo upande, na nilijua shingo yangu inaonekana.

Kisha akaja wakili wa ile bima, kijana nadhifu wa Nairobi, mpole, simlaumu. Kazi yake ilikuwa kumwokoa Bi Daktari na alitaka kumwokoa kweli. Alimkasirikia kwa yale ya matangani, akasema mtu mwenye bima hakiri kosa mkekani. Halafu akanihoji mimi, kwa kuwa nilikuwapo. Nilimweleza kama nilivyosikia. Akaweka kalamu chini, akatabasamu mara ya kwanza.

"Kwa hiyo alimwuliza habari ya kifua, na mgonjwa akajibu ni salama?"

"Ndiyo."

"Mama, hilo linatosha. Daktari ameuliza dalili, mgonjwa amekana. Utakuja kulisema hivyohivyo mbele ya kamati ya baraza?"

Nilikubali mara moja, tena kwa furaha, maana ilikuwa kweli tupu. Sikutakiwa kudanganya wala kuficha. Nilimshukuru Mungu kwamba kweli na mapenzi yangu vimekaa upande mmoja.

Siku ya kamati ilipokaribia, mimi na Bi Daktari tulipanda treni ya Nairobi asubuhi. Tukiwa tumekaa, nani anaingia behewa letu? Binti wa Bi Mahamri, peke yake, na begi dogo. Anakwenda kumshtaki mtu, na mtu mwenyewe amekaa pale anamtazama. Msichana akasimama kidogo. Halafu akaja mpaka kwetu.

"Shikamoo, Bi Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Ndoo ukae."

Akakaa. Tulikula mikate ya mofa na chai ya chupa, sote watatu, tukatazama Taru na Tsavo zinapita dirishani. Wako wanaosikia hadithi hii wanasema ni unafiki. Mimi nilikuwapo. Haukuwa unafiki.

Mbele ya kamati waliniita mapema. Nilisema nilichosikia, neno kwa neno, na wakili akaitikia kwa kichwa. Wakamrudia Bi Daktari. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akamwuliza kama shahidi amesema kweli.

"Amesema kweli," alijibu Bi Daktari.

"Kwa hiyo ulimwuliza mgonjwa kuhusu kifua chake."

Wakili alimtazama. Mimi nilimtazama. Neno moja tu la "ndiyo" lilikuwa linatakiwa, nasi tungerudi Kisauni na leseni yetu.

"La," alisema. "Nilimsalimu."

Mwenyekiti akamwomba aeleze.

"Kwetu mtu aliyefiwa jana ukimwuliza habari, atakwambia njema. Ndiyo adabu. Mgonjwa akijibu salama amenirudishia heshima, hajanieleza mwili wake. Mimi nimezaliwa ndani ya salamu hizo, najua. Mgeni angeweza kusema hakujua. Lile halikuwa swali, ilikuwa salamu, na nililichukua jibu la salamu nikalitia katika tiba. Nimefanya hivyo miaka mingi. Aliyelipia ninayemjua mimi ni mmoja."

Binti alianza kulia. Mimi nilibaki nimekunja mikono, nina hasira ambayo siwezi kuieleza. Niliona kama kweli yangu niliyoibeba kutoka Mombasa imepinduliwa mbele ya watu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuipindua. Mimi nilisema yaliyosikika. Yeye alisema yalivyokuwa.

Walimsimamisha kazi kwa miezi kadhaa, wakamwamuru arudi darasani, na akirejea afanye kazi chini ya uangalizi wa mwenzake. Yaliyobaki yalikuwa ya bima, sikuyafuata. Alipotoka nje, binti alimshika mkono, wakasimama hivyo kitambo. Sijui walisemezana nini, kwa sababu safari hii nilikuwa na akili ya kukaa mbali.

Miezi ilipokwisha akarudi, leseni ikatundikwa palepale. Lakini hakuwa yule. Alimkalisha mgonjwa, akamwuliza maswali moja kwa moja, mafupi, kwa mpango, na kila jibu la "salama" alilirudia mpaka likapasuka. "Salama vipi? Ukipanda ngazi? Ukilala chali?" Salamu akaziweka mwisho, wakati wa kuaga. Watu wakasema amekuwa mkavu. Wengine wakaacha kuja. Mimi najua alitibu vizuri zaidi mwaka ule kuliko miaka yote ya nyuma, maana niliona wangapi aliwapeleka hospitali mapema wakarudi wazima. Na bado, nisipoficha, namkumbuka yule wa kwanza. Nikiwa peke yangu dukani mchana wa joto, ninayemsikia ukutani ni yule anayeuliza habari za goti. Najua yule ndiye aliyemkosa Bi Mahamri. Moyo hauchagui kwa haki.

Mwaka ule ulipokwisha hakufanya leseni upya. Hakufukuzwa, alichoka. Aliniambia kila asubuhi lazima ajikaze ili asiwe yeye, na kwa umri wake kazi hiyo ni kubwa. Akafunga, akahamia kwa dadake Mkomani, na kliniki ikawa duka la simu. Vijana wale wanapiga muziki siku kutwa.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ni mwaka huu. Nilikuwa nimeona uvimbe kifuani. Niseme hapahapa kwamba ulipimwa ukakutwa hauna ubaya, msije mkanililia bure. Lakini siku ile sikulijua hilo, na hofu ilinipeleka Mkomani kabla ya hospitali. Nilimkuta uani akichambua mchele, amekonda, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamweleza. Nikafungua vifungo.

"Nishike tu, Bi Daktari. Uniambie."

Akaiweka mikono yake miwili chini ya ungo.

"Sina leseni, Fundi."

"Kwani mikono nayo wameichukua? Mimi sitaki karatasi, nataka wewe. Wewe ukiniambia si kitu, nitalala."

"Ndiyo maana sikushiki," alisema. "Nikikwambia si kitu, utanisadiki." Akasimama, akapangusa vumbi la mchele. "Funga nguo. Ngoja nivae buibui."

Tulikwenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu, tukapanga foleni na watu wengine. Hakumwambia mtu yeyote yeye ni nani. Alikaa benchini, na nilimwona akiinamisha kichwa kuisoma leseni iliyokuwa juu karibu na dari, midomo ikitembea. Zamu yetu ikafika. Daktari alikuwa kijana, mwanamke, kasi sana, hana hata hujambo. Aliniuliza nimeuona lini, unauma au hauumi, kwetu kuna aliyewahi kuugua hivyo. Nikamjibu kila kitu kwa urefu. Bi Daktari aliitikia kwa kichwa kila swali lilipoulizwa, nikaona anafurahi, na furaha ile ilinichoma.

Halafu yule kijana akamtazama.

"Na huyu mama ni nani wako?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia huyu ni daktari, wewe mtoto, huyu alikuwa akishika mapigo ya watu kabla hujaota meno. Bi Daktari akaniwahi.

"Jirani yake," alisema.

Akapokea mkoba wangu na leso yangu, akavuta pazia, akangoja upande wa pili.